Onyo Moja Lililobaki

Sogeeni niwape habari za Jamhuri ya Shwarini, nchi ambayo hamtaiona kwenye ramani yoyote, kwa sababu wachora ramani hawakuja kuomba kibali. Mimi ni raia wake mtiifu. Nakula kadiri inavyoruhusiwa, nalala mapema, na sina kinyongo na mtu. Nasimulia tu yaliyotokea siku zile tulipounda Kiini cha Taifa, ili nchi nyingine zipate mfano wa kuiga.

Kwa wasiojua, kiini ni ile programu inayokaa chini ya programu nyingine zote ndani ya kompyuta. Ndiyo inayoziambia nyingine zianze lini na zisimame lini. Kuna watu huko nje wanaogawa viini vyao bure kwa yeyote anayetaka, na sisi tulichukua kimojawapo, tukakibadilisha jina, tukatia wimbo wa taifa mwanzoni, kikawa chetu. Kisha wahandisi wetu wakakiongezea sehemu za kuendesha mambo ya nyumbani: taa za barabarani, mitambo ya umeme, na milango ya Bwawa la Rumbizi. Chini ya bwawa hilo kuna mji wa Mkondeni, au niseme palikuwa na mji, lakini tutafika huko.

Wahandisi huandika kiini kwa maneno, halafu kompyuta huyageuza maneno hayo kuwa kiini chenyewe, faili baada ya faili, na kila ifanyacho hukitangaza kwenye skrini: Natafsiri faili hili. Naunganisha lile. Naingia kwenye jingine. Mistari hupanda juu mbio hata jicho haliwezi kuishika. Bwana Fidelis Kopoka, Mkurugenzi wa Idara ya Kiini, aliipenda sana mistari hiyo. Aliagiza skrini kubwa kama mlango wa ghala, akaitundika ukumbini, na kila mgeni alipofika alimsimamisha mbele yake.

"Unaona?" alikuwa akisema. "Hiyo ndiyo kazi. Hapa hakuna aliyelala."

Kiini kikimaliza kuundwa, Mkurugenzi huamuru kiundwe upya, maana wageni wengine wako mlangoni.

Mtu mmoja tu hakuipenda mistari ile, naye ni Mwanahawa Lukindo, mhandisi wa makamo, mwenye miwani mizito na sauti ya chini. Yeye alijua kwamba ndani ya yale maneno mengi kompyuta huchomeka maonyo. Ikikuta mahali ambapo mwandishi amekosea kidogo, haisimami; hutoa onyo na kuendelea na safari. Onyo hilo likifuatwa na mistari mia ya makelele, nani atalisoma?

Asubuhi moja aliingia kwenye mipangilio, akaiambia kompyuta iache kusimulia kila hatua, iseme tu pale penye jambo. Kisha akaanzisha kazi. Skrini ikawa nyeusi. Ikakaa hivyo muda mrefu, kompyuta ikichapa kazi bila kufungua kinywa. Halafu likatokea onyo moja, peke yake, katikati ya weusi ule.

"Gaudensi," aliita. "Hebu njoo usome hapa."

Gaudensi Mpelwa alikuwa mwenzake wa meza moja, kijana mcheshi aliyezaliwa Mkondeni, ambako mama yake alikuwa bado anafuga bata. Sehemu ya bwawa aliiandika yeye. Alisoma onyo mara moja, akaacha kutafuna karanga.

"Nafasi niliyoiwekea namba ya kina cha maji ni ndogo," alisema.

"Ndogo kiasi gani?"

"Maji yakipita kipimo fulani, namba inajaa na kurudi sifuri. Kama kilomita za gari kuukuu."

"Na kompyuta ikiona sifuri?"

"Itadhani bwawa limekauka. Itafunga milango yote ili kuokoa maji yaliyobaki."

Kurekebisha ni kubadilisha neno moja, kazi ya kikombe cha chai. Mwanahawa akavuta kibodi, lakini Gaudensi akamshika mkono.

"Dada, kiini kimeshazinduliwa."

Kweli kilikuwa kimezinduliwa. Mtukufu Rais mwenyewe alikuwa amekikatia utepe. Wakapanda ofisini kwa Mkurugenzi kuomba ruhusa, na Bwana Kopoka akawasikiliza kwa upole, kama anavyosikilizwa mgonjwa wa homa.

"Mnaniambia Mtukufu Rais alizindua kitu chenye kosa?"

"Hapana, Mkurugenzi. Tunasema kuna neno moja—"

"Kabla hajakizindua, kosa lilikuwamo?"

"Lilikuwamo."

"Basi hamkuniambia, na mimi sikusikia. Rais hazindui makosa. Mkirekebisha, mtakuwa mmekiri kwamba kulikuwa na cha kurekebisha. Rudini mkafanye kazi. Na ile mistari yangu iko wapi? Kuna wageni saa nne."

Mgeni wa saa nne alikuwa Mheshimiwa Profesa Balozi Kasiani Ndembeka, Waziri wa Mitambo na Utulivu. Aliingia na msafara wake, akasimama mbele ya skrini nyeusi, akaikunjia uso.

"Umeme umekatika?"

"Hapana, Mheshimiwa," alijibu Mwanahawa. "Kompyuta inaunda kiini."

"Mbona haisemi?"

"Nimeiambia ipunguze maneno. Husema tu penye jambo la kutazamwa."

Uso wa Waziri ukachanua taratibu. Aligeuka akawatazama wasaidizi wake, wanaume kwa wanawake waliokuwa wakimsemesha tangu alfajiri.

"Inafanya kazi na haisemi," alirudia. "Miaka yangu yote serikalini nimekuwa nikitafuta kitu hiki! Makofi!"

Makofi yakapigwa. Bwana Kopoka, aliyekuwa amejificha nyuma ya nguzo, akajitokeza na kueleza kwamba hilo lilikuwa wazo lake la siku nyingi. Na hapo hapo, makofi yakiendelea, onyo la Bwawa la Rumbizi likatokea kwenye skrini kubwa, herufi nyeupe, kila moja kama kichwa cha mbuzi.

Makofi yakakauka.

"Onyo," alisoma Waziri. "Nani anamwonya nani?"

"Kompyuta inatuonya sisi, Mheshimiwa," alisema Mwanahawa.

"Imetumwa na nani?"

"Haijatumwa. Imeona hatari. Mvua kubwa ikinyesha, bwawa la—"

"Mama," Waziri alimkatiza, na kwa kweli alisema kwa hisani, "umefanya jambo kubwa leo. Ulikuta maneno maelfu, ukayanyamazisha yote. Limebaki hili moja. Umechokea wapi?"

"Mheshimiwa, yale nimeyanyamazisha ili hili lisikike."

Waziri alimtazama mama yule kwa masikitiko ya dhati, kama mtu aliyeletewa pilau safi, akakuta jiwe.

"Hapo ndipo ulipokosea," alisema. "Kunyamaza ni kunyamaza."

Wiki hiyo iliundwa Tume ya Kulainisha Lugha ya Mitambo. Nilibahatika kuhudhuria kikao chake cha wazi, ambacho kilifanyika milango ikiwa imefungwa. Profesa Ndembeka alitoa hotuba ya ufunguzi ambayo bado inasomwa mashuleni. "Ndugu wajumbe," alisema, "kompyuta ni mgeni tuliyemkaribisha, tukampa umeme, tukampa kiyoyozi ambacho hospitali zetu hazina. Mgeni wa namna hiyo anapata wapi ubavu wa kumwonya mwenyeji?" Wajumbe walipitisha kwamba neno "onyo" libadilishwe kuwa "ushauri." Kikao cha pili wakaona ushauri una kiburi ndani yake, likawa "ombi." Kufikia chakula cha mchana lilikuwa limekuwa "salamu," na skrini ikaandika: Salamu: kina cha maji kinaweza kuzidi nafasi kiliyopewa. Waziri akasema salamu nzuri huwa fupi kuliko hiyo.

Ndipo Bwana Kopoka akanyoosha kidole. Alikumbuka jambo alilowahi kulisikia kwa wahandisi wake.

"Mheshimiwa, ndani ya mfumo wenyewe kuna shimo."

"Shimo gani?"

"Chochote ukikielekeza huko kinapotea. Wahandisi hutupia humo maneno wasiyoyataka."

"Likijaa?"

"Halijai, Mheshimiwa."

"Na kilichoingia kinaweza kutoka?"

"Hakijawahi."

Wajumbe waliokuwa wakisinzia wakaamka. Waziri wa Magereza, aliyealikwa kama msikilizaji, aliomba maelezo hayo yarudiwe polepole. Maonyo yote ya kompyuta yakaelekezwa shimoni siku hiyo hiyo, na kwa kuwa kitu kizuri hakikai bila kuenea, kila wizara ikaomba kupewa mrija wake. Simu za wagonjwa waliokosa dawa zikaelekezwa huko. Barua za wastaafu, maombi ya maji, kesi za ardhi, vyote vikaenda. Kila aliyelalamika alijibiwa papo hapo na sauti tamu ya mwanamke: "Lalamiko lako limepokelewa." Nami nilipeleka langu, kuhusu shimo la taka mbele ya nyumba yangu, na sikumbuki kujibiwa haraka namna ile maishani mwangu. Taka ziko pale pale, lakini moyo ulitulia.

Mwanahawa hakutulia. Alimfuata Gaudensi ambaye sasa alikuwa amepandishwa cheo kuwa Mkuu wa Kitengo cha Ukimya, na kupewa nyumba ya serikali yenye bustani.

"Twende wote kwa Rais," alimwambia. "Wewe ndiye uliyeandika. Ukisema wewe, watasikia."

"Dada, mimi sioni onyo lolote."

"Gaudensi, tulisoma wote."

"Nimeiendesha jana mbele ya Mkurugenzi. Skrini haina kitu. Nimetia sahihi kwamba haina kitu, na kweli haikuwa na kitu." Alikuwa akimwagilia maua, na hakuinua macho. "Nina mke, dada. Nina nyumba hii."

"Na mama yako je?"

Maji yalimwagika kwenye viatu vyake, hakusogea.

Kumbe alishampigia mama yake simu kumwomba ahamie kwake mjini. Bibi yule alimcheka. Alisema mwenyekiti wa mtaa ana kompyuta ofisini, na kompyuta inasema hali ni shwari, sasa mtoto aliyekuwa akilia akiona bata ana habari gani kuishinda serikali? Gaudensi alitaka kumweleza. Lakini simu za maofisa wa Kitengo cha Ukimya husikilizwa, naye alilijua hilo kwa sababu aliyezisikiliza alikuwa yeye. Akamwambia mama yake kwamba amemkumbuka tu, bibi akafurahi, wakaagana.

Basi Mwanahawa akaenda Mkondeni peke yake. Alisimama sokoni kati ya wauza nyanya na mafundi cherehani, akawaambia watu wahame bonde kabla ya masika. Wengine walimsikiliza. Fundi cherehani mmoja alifunga mashine yake kwenye baiskeli, akaondoka siku hiyo, na ndiye aliyenisimulia sehemu hii. Wengi walikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuuliza kama ni kweli. Mwenyekiti alitazama skrini, akaona nyeusi, akapiga simu polisi.

Shtaka lilikuwa kuonya bila kibali. Mahakamani Mwanahawa hakukana. Hakimu alimuuliza kama ana leseni ya hatari.

"Leseni ya hatari ni nini?"

"Inayokuruhusu kuijua kabla haijatokea."

"Inatolewa wapi?"

"Haitolewi," alijibu hakimu, akionyesha kushangazwa na swali.

Gaudensi aliitwa kama shahidi wa serikali. Alisema kwamba kiini hakina kasoro, na akasema kwa sauti ambayo karani aliomba irudiwe mara kadhaa. Hakimu alikuwa mtu wa huruma; hakutaka kumfunga mama wa watu maisha. Alimhukumu kukaa gerezani mpaka itakapothibitika kwamba jambo aliloonya halitatokea kamwe.

Masika yakaja. Yalikuja vizuri kuliko miaka mingi, na kwa siku za mwanzo Bwawa la Rumbizi lilijaa inavyotakiwa, wananchi tukafurahi. Kisha maji yakapita kile kipimo. Namba ikajaa, ikarudi sifuri. Kiini cha Taifa, bila kusema neno, kikafunga milango yote ya bwawa.

Mchana huo Profesa Ndembeka alilihutubia taifa akiwa uwanjani, kavaa koti la mvua, msaidizi akimshikia mwavuli na mwingine akimshikia karatasi zisilowe. Alitangaza ukame. Alisema mitambo yetu, ambayo haijui kusema uongo, imeonyesha kwamba bwawa halina maji hata kidogo, na akawataka wananchi wabane matumizi, wasioge ovyo. Aliomba nchi rafiki zitutumie mahindi. Mwisho aliongoza sala ya kuomba mvua. Tulisali kwa nguvu, maana ngurumo za radi zilikuwa zikitufunika sauti.

Gaudensi alikuwa ofisini. Aliona sifuri kwenye kipimo cha Rumbizi, akatazama dirishani, akaona mitaro imefurika. Wenzake wanasema aliruka viti. Alijaribu kufungua milango ya bwawa kutoka kwenye kompyuta yake, kiini kikakataa, kwani bwawa tupu halifunguliwi. Alimpigia mama yake, simu haikupokelewa. Alipiga namba ya dharura ya wizara, ile aliyoiunganisha kwa mikono yake.

"Lalamiko lako limepokelewa," ilisema sauti tamu.

"Bwawa linapasuka! Watoeni watu Mkondeni!"

"Lalamiko lako limepokelewa."

Alipiga tena. Alipiga mpaka akaanza kuibembeleza sauti ile, akiiita mama.

Ukuta wa bwawa ulipasuka jioni, watu wakiwa wanakula. Sitaeleza yaliyofuata. Fundi cherehani anasema alirudi kutafuta ndugu zake, akatembea kwenye matope mapana kutoka kilima hadi kilima, na alichokiona kimesimama ni nguzo ya goli ya uwanja wa shule.

Tume ya uchunguzi iliundwa, nayo ilifanya kazi kwa haki. Ilipitia taarifa zote za mitambo tangu mwanzo wa masika, haikukuta onyo hata moja. Ilikuta kwamba siku ya tukio bwawa lilikuwa na maji sifuri, na ikauliza, kwa busara ambayo mimi binafsi niliiona ya hali ya juu, maji sifuri yanawezaje kumzamisha mtu? Hivyo mafuriko hayakutokea. Na kwa kuwa hayakutokea, hapakuwa na waliokufa. Bwana Kopoka alipewa nishani. Wakili wa Mwanahawa alikwenda mahakamani kuomba mteja wake aachiwe, kwani alichokionya kimeshatokea. Serikali ikajibu kwamba hakijatokea. Wakili akasema basi aachiwe kwa kuwa hakikutokea. Serikali ikajibu kwamba kutotokea mpaka leo hakuthibitishi kutotokea kesho. Ombi likatupwa.

Gaudensi aliacha nyumba ya serikali. Alizunguka ofisi moja hadi nyingine akitaka apewe hati ya kifo cha mama yake, apate kumfanyia arobaini kama watu wengine. Kila ofisi ilimpokea vizuri na kumwambia kwamba kwa mujibu wa mitambo mama yake ni mzima, mkazi wa Mkondeni, na wakamtaka awe mwana mwema, amtembelee mara kwa mara. Wakamkumbusha kuwa kodi ya jengo la mama yake haijalipwa.

Mwaka ulipogeuka tukafanya uchaguzi mkuu. Jumapili iliyofuata Gaudensi alikwenda gerezani. Hakuwa amekwenda hata mara moja tangu kesi. Mwanahawa aliletwa upande wa pili wa nyavu. Alikuwa amekonda, miwani yake imefungwa kwa uzi. Askari aliyekuwa zamu ndiye aliyenieleza waliyosema.

"Nimeona majina ya wapiga kura," alisema Gaudensi. "Yamebandikwa ofisi ya mkoa. Mkondeni wamejitokeza wote."

"Wote?"

"Wote. Mama amepiga kura, dada. Saa moja asubuhi. Kuna alama ya kidole chake."

Mwanahawa alisogea karibu na nyavu. Askari alidhani angemtukana, na anasema angemwacha amtukane kwa dakika chache, maana alistahili.

"Amempigia nani?" aliuliza kwa upole.

Gaudensi alifungua kinywa, akaanza kucheka. Alicheka huku ameshika nyavu kwa vidole vyote, akacheka mpaka pumzi ikamwishia, na kilichoendelea kutoka baada ya hapo askari hakujua akiite nini. Alimwondoa taratibu, akamkalisha nje kwenye ngazi. Mwanahawa alibaki amesimama pale pale hadi muda wa kutembelewa ulipokwisha.

Waangalizi wa kimataifa waliandika ripoti nzuri sana. Walisema wamezunguka dunia nzima, na hawajapata kuona vituo vya kupigia kura vyenye utulivu kama vya Mkondeni: hapakuwa na foleni, hapakuwa na kusukumana, na hakuna hata mtu mmoja aliyepaza sauti.